KATIBA YA NCHI NI AHADI: KIJANA WA KIISLAMU AISOME

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wake mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Katika jarida letu hili tumezoea kuandika juu ya swala, funga, tajwidi na sira. Mara hii tumeona tuandike juu ya Katiba ya nchi yetu. Huenda wapo watakaouliza: Katiba inahusiana nini na madrasa? Hayo si mambo ya wanasiasa na mawakili wa mjini? Maoni yetu ni kwamba inatuhusu sana, na kwamba kijana wa Kiislamu wa Mbulu na Hanang anayemaliza juzuu zake bila kujua hata ibara moja ya Katiba ya nchi yake ametoka na elimu pungufu. Tutaeleza kwa nini, na ushahidi wetu mkubwa tutautoa hapa hapa kwetu, katika ardhi tunayoilima na kuchungia.

UISLAMU NA MIKATABA

Mwenyezi Mungu katika aya ya kwanza ya Surat Al-Maida anawaamrisha waumini watimize mikataba. Amri hiyo haikubagua mkataba wa mume na mke, wa muuzaji na mnunuzi, au wa watu wanaoishi pamoja katika nchi moja.

Mtume wetu (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622 hakukuta watu wa namna moja. Walikuwapo Muhajirina waliotoka Makka, Ansari wa kabila za Aus na Khazraj, na kabila za Mayahudi. Baada ya muda mfupi iliandikwa hati inayojulikana kama Sahifa ya Madina. Ilieleza nani wanahusika, watalindana vipi, diya italipwa vipi, na ugomvi utapelekwa kwa nani. Mayahudi waliachiwa dini yao na Waislamu dini yao, na wote wakabeba wajibu wa kuulinda mji.

Kisha katika mwaka wa 6 Hijria ukaja mkataba wa Hudaybiya. Masharti yake yaliwauma sahaba, lakini Mtume (S.A.W.) aliyashika. Abu Jandal alipokuja akiwa na minyororo yake akiomba asirudishwe kwa Makuraishi, alirudishwa kwa sababu neno lilikwisha kutolewa. Hapo tunajifunza kwamba kwa Muislamu ahadi iliyoandikwa si karatasi tu.

Katiba nayo ni ahadi iliyoandikwa. Ni makubaliano ya watu wa nchi moja juu ya namna watakavyotawaliwa, mipaka ya wanaowatawala, na haki ambazo hakuna mkubwa anayeruhusiwa kuzichukua kwa kupenda kwake. Sheria nyingine zote ziko chini yake, na sheria inayopingana nayo haina nguvu.

TULIVYOIPATA KATIBA TULIYONAYO

Ni vizuri wanafunzi wetu wajue historia hii kwa ufupi, maana Katiba yetu haikuandikwa mara moja ikaisha.

1. Katiba ya Uhuru, 1961. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Katiba ya kwanza ilitolewa kwa amri ya Malkia wa Uingereza, naye akabaki kuwa mkuu wa nchi akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Katiba ile haikuwa na sura ya haki za binadamu; viongozi wetu wa wakati ule hawakuitaka, wakihofu kwamba ingeifunga mikono serikali changa.

2. Katiba ya Jamhuri, 1962. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1962, Tanganyika ikawa Jamhuri na Mwalimu akawa Rais mwenye madaraka makubwa. Sura ya haki haikuwekwa.

3. Muungano, 1964. Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano kule Zanzibar, na tarehe 26 Aprili nchi mbili zikawa moja. Jina la Tanzania lilikuja baadaye mwaka huo huo, mwezi Oktoba. Mambo ya Muungano yalianza yakiwa 11; leo orodha iliyomo katika Katiba ina mambo 22.

4. Katiba ya Muda, 1965. Hii ndiyo iliyoweka mfumo wa chama kimoja, TANU kwa Bara na Afro-Shirazi kwa Zanzibar. Iliitwa ya muda lakini ilidumu miaka 12.

5. Katiba ya 1977. TANU na Afro-Shirazi ziliungana tarehe 5 Februari 1977 kuwa Chama cha Mapinduzi. Tume ya watu 20 iliyoongozwa na Sheikh Thabit Kombo, ambayo ndiyo iliyotayarisha katiba ya chama, ikapewa pia kazi ya kutoa mapendekezo ya Katiba ya nchi. Bunge Maalum liliipitisha tarehe 25 Aprili 1977. Katiba hiyo ndiyo tuliyonayo, pamoja na mabadiliko yake.

Katika mabadiliko hayo mawili ni ya kukumbukwa zaidi. La kwanza ni lile la 1984, lililoingiza sura ya haki na wajibu, ikaanza mwezi Machi 1985. Hata hivyo Serikali ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, kwa hiyo mwananchi hakuweza kwenda mahakamani kudai haki hizo mpaka Machi 1988. La pili ni la 1992, lililorudisha vyama vingi, baada ya Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuzunguka nchi nzima mwaka 1991. Watu wengi walioiambia Tume maoni yao walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ilishauri kwamba hata wachache wapewe nafasi.

Kisha ikaja safari ya Katiba Mpya. Tume ya Jaji Joseph Warioba iliteuliwa mwaka 2012, ikakusanya maoni mpaka vijijini, na mwishoni mwa 2013 ikatoa rasimu yake ya pili yenye pendekezo la serikali tatu. Bunge Maalum la mwaka 2014 lilirudisha serikali mbili, baadhi ya wajumbe wakatoka nje, na tarehe 2 Oktoba 2014 likapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na Katiba ya 1977 ikaendelea kutumika.

HANANG: HAKI ISIYO NA PA KUEGEMEA

Sasa tuje nyumbani. Wapo wanaosema Katiba haiteremki mlimani kutoka Dodoma. Tuwape mifano miwili, mmoja wa Hanang na mmoja wa Mbulu.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, likisaidiwa na Serikali ya Canada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal na mengineyo. Ardhi iliyochukuliwa ilizidi ekari 70,000. Nchi ilihitaji ngano, hilo hatulikatai. Lakini tambarare zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, nazo ndizo zilizokuwa na nyasi na rutuba kuliko kwingine. Palikuwa na njia za mifugo kwenda kwenye maji na chumvi. Palikuwa na makaburi ya wazee wao, ambayo kwao yana heshima kubwa, na mengine yalipitiwa na trekta.

Mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji wake walikwenda Mahakama Kuu, Arusha, kuishtaki NAFCO. Mwaka 1984 walishinda. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua ile hukumu. Sababu zake zilikuwa za kisheria: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu, na wanakijiji hawakuthibitisha kila mmoja kwamba yeye ni mwenyeji kwa maana iliyowekwa katika sheria ya ardhi ya wakati wa mkoloni. Fikirini, Mbarabaig aliyezaliwa chini ya mlima Hanang anatakiwa alete ushahidi kwamba yeye ni mwenyeji wa Hanang!

Wakati kesi ile inafunguliwa, Katiba yetu haikuwa na ibara ya haki ya kumiliki mali. Mwenye ardhi ya mababu alisimama mbele ya hakimu na sheria za kawaida tu, na sheria za kawaida hutungwa na kufutwa na wale wale wenye nguvu.

MBULU: BABA NA MWANA MBELE YA MAHAKAMA

Mfano wa pili ni wa Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu. Leo kata hiyo imo katika Wilaya ya Karatu, lakini wakati ule ilihesabiwa Wilaya ya Mbulu.

Wazee wetu wanakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa, na mashamba ya wengine wakapewa wengine. Miaka ya 1980 wengi walikwenda mahakamani kudai mashamba yao. Baba na mwana hawa nao walifungua kesi Januari 1987 mbele ya Hakimu Mkazi, Arusha, wakidai shamba walilolimiliki kimila, wakashinda. Upande wa pili ukakata rufaa.

Rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, Bunge likatunga Sheria Na. 22 ya mwaka 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika ardhi iliyoguswa na Operesheni Vijiji, ikazuia fidia kwa kufutwa huko, ikaamuru kesi zilizokuwa mahakamani zikome, na ikazikataza mahakama kusikiliza madai mapya ya namna hiyo. Yaani mtu yuko mahakamani, ameshinda, kisha mlango unafungwa naye akiwa ndani.

Wakulima wale hawakuchukua panga wala hawakumchomea jirani nyumba. Walitumia Katiba. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, na Ibara ya 30 inamruhusu aliyevunjiwa haki yake kufungua shauri Mahakama Kuu. Hoja yao ilisimama juu ya Ibara ya 24: kila mtu ana haki ya kumiliki mali, na mali hiyo isichukuliwe bila ya idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili.

Walishinda Mahakama Kuu, na Serikali ikakata rufaa. Mwanasheria Mkuu alidai kwamba mtu anayekaa kwenye ardhi kwa mila hana mali, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma na iko mikononi mwa Rais. Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Nyalali, yule yule wa Tume ya 1991, ilikataa. Ilieleza kwamba Rais anaishika ardhi kama amana kwa ajili ya wananchi, na kwamba ukisema wenye ardhi ya kimila hawana mali, basi umesema wananchi karibu wote ni wavamizi katika nchi yao wenyewe. Haki ya kimila ni mali, na inalindwa na Katiba. Vifungu vilivyowanyima wananchi fidia na mahakama vilionekana kuwa vinakwenda kinyume na Katiba.

Kesi hiyo, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, inasomwa leo na kila anayesomea sheria Tanzania. Baadaye, katika sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, ile Na. 4 na ile Na. 5 ya vijiji, haki ya kimila ilipewa hadhi sawa na hati nyingine za ardhi. Kila mzazi anayesoma makala hii na ana shamba bila hati yoyote ila mila ana sehemu yake katika ushindi wa wakulima wale.

Hatusemi kwamba Ibara moja inatosha kumpa kila mtu haki yake. Kesi ina gharama, ina safari za Arusha na ina miaka ya kungoja. Tunasema kwamba Mulbadaw walikwenda bila ngao, na wa Kambi ya Simba walikwenda nayo. Lakini ngao haimkingi asiyejua kwamba anayo.

"NCHI ISIYOKUWA NA DINI"

Lipo neno moja katika Katiba ambalo huwatia shaka vijana wetu. Ibara ya 3 inasema kwamba Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Baadhi wanalisikia wakasema: basi Katiba hii si yetu.

Ndugu zetu, Katiba haikusema kwamba watu wa nchi hii hawana dini. Imesema dola haina dini yake, kwa hiyo haitakuwa na dini ya kumlazimisha mtu. Isomeni pamoja na Ibara ya 19, inayompa kila mtu uhuru wa imani na kusema kwamba kufanya ibada na kueneza dini ni jambo huru na la hiari, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Madrasa yetu inasimama kwa ibara hiyo. Katika wilaya hizi Waislamu ni wachache kuliko Wakristo, na wapo majirani wanaofuata mila za wazee wao. Dola ingekuwa na dini yake, sisi wachache tungekuwa wa kwanza kubanwa. Na ibara inayotulinda sisi inamlinda pia jirani yetu Mlutheri, Mkatoliki na Mdatoga. Kumuonea jirani kwa ajili ya dini yake ni kuvunja Katiba, na kabla ya hapo ni kuvunja mafundisho ya dini yetu.

Yapo madai ya Waislamu wa Bara yaliyojadiliwa sana, hasa Mahakama ya Kadhi. Zanzibar inazo mahakama hizo, na Katiba ya Kenya ya 2010 inazitambua. Bara mahakama za kawaida zinaweza kuhukumu kwa sheria ya Kiislamu katika mambo kama ndoa na mirathi, lakini kadhi hana mahakama ya dola. Jambo hili lilizungumzwa kwa ukali katika Bunge Maalum la 2014. Maoni yetu ni kwamba dai ni halali kudaiwa, ila linataka watu waliosoma, wenye kuonyesha ibara kwa ibara na kujibu hoja ya mwenzao kwa hoja. Kelele za msikitini baada ya Ijumaa hazijawahi kubadilisha ibara hata moja. Kubadilisha Katiba kunahitaji theluthi mbili ya Wabunge wote, na kwa mambo fulani theluthi mbili ya Bara na theluthi mbili ya Zanzibar. Huo ndio mlango. Anayetaka kuingia aujue.

TUFANYE NINI?

Kwa wanafunzi wetu tunapendekeza haya:

1. Katiba imechapishwa kwa Kiswahili. Tafuteni nakala moja muiweke katika maktaba ya madrasa. Anzeni na Ibara ya 12 mpaka ya 30, halafu someni Ibara ya 8, inayosema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote.

2. Msisome haki mkaruka wajibu. Ibara ya 25 inazungumzia wajibu wa kufanya kazi, ya 26 kutii sheria, ya 27 kulinda mali ya umma. Anayevunja bomba la maji la kijiji amevunja amana.

3. Mkitimiza miaka 18 jiandikisheni kupiga kura. Ibara ya 5 imewapa haki hiyo.

Kwa wazazi tunasema: hudhurieni mkutano mkuu wa kijiji na muulize mapato na matumizi. Ardhi ya kijiji ikitaka kutolewa kwa mwekezaji, muulize utaratibu na fidia kabla ya kunyoosha mikono. Na mabinti msiwasahau. Ibara ya 24 inasema kila mtu, na Qur'an katika Surat An-Nisaa imempa mwanamke fungu lake katika mirathi. Baba anayelalamika kwamba Serikali inachukua ardhi bila haki, kisha akamnyima binti yake fungu lake, amefanya jambo lile lile nyumbani kwake.

Imani haihitaji katiba ili iwe kweli. Lakini mtu mwenye imani anaishi katika kijiji, ana shamba, ana majirani na ana watawala. Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini wasimame kwa uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zao au wazazi wao. Haiwezekani kuusimamia uadilifu huo mtu akiwa hajui makubaliano yaliyowekwa baina yake na wenzake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aijaalie nchi yetu amani na viongozi waadilifu, awape watoto wetu elimu yenye manufaa ya dunia na akhera, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza ahadi zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.